Saratani ya matiti: namna ya kupata matibabu yanayokufaa

Ukurasa huu ni kwa mwanamke aliyeambiwa ana saratani ya matiti au anayesubiri majibu, na kwa ndugu wanaomsindikiza. Tumewafikiria zaidi wakazi na wafanyabiashara wa Mnazi Mmoja, Kariakoo na mitaa ya jirani, Dar es Salaam, ingawa mengi yaliyomo yanamhusu mgonjwa popote Tanzania.

Nchini kwetu saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Sababu inayosemwa sana ni kuchelewa kuugundua. Ipo nyingine isiyosemwa sana: muda unaopotea baada ya kugundua. Mama anaambiwa titi litolewe, anaogopa, anazunguka miezi kadhaa akitafuta mtu wa kumpa vidonge tu, kisha anarudi uvimbe umeshakuwa kidonda. Mwingine anaanza dripu, anajisikia nafuu baada ya ya tatu, haonekani tena.

Kwa kifupi

- Matibabu sahihi hutokana na majibu ya vipimo vyako. Hayatokani na alichopewa jirani wala na bei ya dawa.
- Usikubali matibabu yoyote ya saratani kabla ya majibu ya kinyama.
- Wagonjwa wengi huhitaji zaidi ya aina moja ya matibabu, kwa mpangilio maalumu.
- Matibabu mazuri yaliyokatishwa katikati hayafanyi kazi iliyokusudiwa. Chagua mpango unaoweza kuumaliza.

Kwa nini jirani yako alipewa matibabu tofauti

Chukua mfano wa wanawake wawili wenye meza jirani Mtaa wa Kongo. Wa kwanza ana miaka 62. Uvimbe wake ulikuwa wa sentimita 2, na vipimo vilionyesha unakua kwa kutegemea homoni. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, na sasa anameza kidonge kimoja kila siku. Hakuwahi kutundikiwa dripu ya saratani.

Wa pili ana miaka 38. Uvimbe wake ulikuwa wa sentimita 6, umeshika ngozi, na tezi za kwapani zimevimba. Vipimo vilionyesha hautegemei homoni kabisa. Alianza na dripu kwa miezi kadhaa, kisha titi likatolewa lote, kisha mionzi. Hakupewa vidonge vya homoni, kwa sababu visingemsaidia.

Huyu wa pili akimwambia mwenzake, "Shoga, wewe hawajakupa dawa kali," atamtia hofu bure. Na wa kwanza akisema, "Mbona mimi vidonge vinanitosha, achana na hizo dripu," anaweza kumponza. Wote wawili wametibiwa sawasawa. Saratani ya matiti si ugonjwa wa aina moja, na ndiyo maana vipimo hutangulia.

Majibu manne unayopaswa kuwa nayo

*1. Je, ni saratani kweli?* Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Kushika kwa mkono, ultrasaundi au mamografia huonyesha mashaka tu. Anayethibitisha ni mtaalamu wa patholojia anayeangalia kinyama kwa hadubini. Kinyama kizuri hutolewa kwa sindano nene baada ya kufa ganzi. Sindano nyembamba huvuta chembechembe chache, na mara nyingi hazitoshi kwa vipimo vinavyofuata. Kuchukua kinyama hakusambazi saratani, ingawa maneno hayo yamezagaa mitaani.

Kama ndugu atapewa kichupa cha kinyama akipeleke maabara, akipeleke siku hiyo hiyo. Asikilaze nyumbani, asimwage maji yaliyomo, na ahakikishe jina limeandikwa. Vilevile, uvimbe wowote uliotolewa kwenye titi, hata ukiambiwa ni "mafuta tu", lazima upelekwe maabara.

*2. Umefika wapi?* Hatua ya 1 na ya 2 ni uvimbe ambao bado uko kwenye titi, au umefika kwenye tezi chache za kwapani. Hatua ya 3 umekuwa mkubwa, umeshika ngozi au kifua, au tezi nyingi zimehusika. Hatua ya 4 umefika viungo vya mbali kama mifupa, mapafu, ini au ubongo. Ili kujua, daktari anaweza kuagiza eksirei ya kifua, ultrasaundi ya tumbo au CT-scan.

*3. Unakua kwa kutegemea nini?* Kinyama hicho hicho hupimwa vipokezi vitatu: vya homoni ya estrojeni, vya projesteroni, na HER2. Jibu huandikwa chanya au hasi, na ndilo linaloamua kama vidonge vya homoni au dawa ya HER2 vitakufaa. Kipimo hiki wagonjwa wengi hukikosa, ama kwa sababu hakikuagizwa au kwa sababu ya fedha. Kiulizie kwa jina: "Daktari, majibu ya vipokezi yametoka?"

*4. Mwili wako una hali gani?* Umri, kama bado unaona siku zako, ujauzito, moyo, ini, figo, kisukari, shinikizo la damu na VVU, vyote hubadili mpango. Usifiche chochote. Anayetumia ARV anatibiwa saratani kama wengine na anaendelea na ARV zake. Daktari anahitaji kujua ili dawa zisigongane.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza mwaka 2021, limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Ukiona wiki zinapita bila majibu, una haki ya kuuliza yamekwama wapi.

Aina za matibabu

*Upasuaji.* Daktari huondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, au huondoa titi lote. Mara nyingi hutoa pia tezi za kwapani ili zipimwe. Kilichotolewa kinakwenda tena maabara, na majibu yake yanaweza kuongeza au kupunguza matibabu yanayofuata.

*Tibakemikali.* Hizi ndizo dripu za saratani. Hupita mwili mzima zikishambulia chembe zinazogawanyika haraka. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, mara 4 hadi 8, na baadhi hutolewa kila wiki. Uvimbe ukiwa mkubwa au umeshika ngozi, dripu hutangulia ili usinyae, kisha upasuaji hufuata. Kwa hiyo ukiambiwa "bado hatukati", usidhani umekatiwa tamaa. Nywele hunyonyoka kwa dawa nyingi, lakini huota tena. Dawa nyekundu, doksorubisini, inaweza kufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo si damu.

*Mionzi.* Hutolewa kwa mashine, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 5. Haiumi wakati wa kupigwa, na kila siku huchukua dakika chache. Ngozi inaweza kuwa nyeusi na kuwasha kama iliyoungua jua. Mionzi hii ya nje haikufanyi uwe hatari kwa watu. Unaweza kumbeba mwanao ukirudi nyumbani.

*Vidonge vya homoni.* Ni kwa wale tu ambao vipokezi vyao vya homoni ni chanya. Tamoksifeni hutumika kabla na baada ya ukomo wa hedhi. Letrozoli na anastrozoli ni kwa waliokoma hedhi. Humezwa kila siku kwa miaka 5, wakati mwingine hadi 10. Kwa sababu ni kidonge kimoja kisicho na vishindo, wengi hukidharau na kukiacha wakijisikia wazima. Kazi yake ni kuzuia ugonjwa usirudi, na kazi hiyo huwezi kuiona kwa macho. Usisubiri kidonge cha mwisho. Vikibaki vya wiki moja, nenda dirisha la dawa.

*Dawa ya HER2.* Trastuzumabu ni kwa wenye HER2 chanya tu. Kwa ugonjwa ambao haujasambaa, kwa kawaida hutolewa kwa mwaka mmoja. WHO iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, lakini bado ni ghali. Moyo hupimwa kabla ya kuanza na wakati wa matibabu.

Titi lote au sehemu?

Hapa ndipo wengi hukwama, na ni haki yao, kwa kuwa si jambo dogo. Wapo wanaofikiria ndoa, wapo wanaofikiria mtoto anayenyonya, wapo wanaoogopa macho ya watu. Lakini jambo moja limepimwa vizuri. Utafiti wa Bernard Fisher na wenzake Marekani, na wa Umberto Veronesi na wenzake Italia, uliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na majibu yake yalichapishwa mwaka 2002. Waliotolewa uvimbe tu kisha wakapata mionzi waliishi sawa na waliotolewa titi lote.

Sharti lipo katika maneno "kisha wakapata mionzi". Kubakiza titi bila kumaliza mionzi huongeza sana uwezekano wa saratani kurudi kwenye titi hilo. Kwa hiyo jiulize kama utaweza kwenda kila siku ya kazi kwa wiki zote utakazopangiwa. Kwa mkazi wa Mnazi Mmoja au Kariakoo, Taasisi ya Saratani Ocean Road haiko mbali. Ukienda kwa bajaji unarudi kuendelea na shughuli. Kwa aliyetoka mkoani asiye na pa kufikia mjini, hesabu ni tofauti, na kutoa titi lote kunaweza kuwa uamuzi wa busara zaidi kwake. Fahamu pia kwamba hata titi likitolewa lote, mionzi inaweza kuhitajika kama uvimbe ulikuwa mkubwa au tezi zimehusika.

Kama uvimbe ni mkubwa kuliko titi linavyoweza kuhimili, au uko sehemu kadhaa za titi, kulibakiza huenda kusiwezekane. Muulize daktari, "Dripu zikitangulia, inawezekana likabaki?" Wakati mwingine inawezekana.

Mume, mama na dada wana nafasi ya kukushauri. Ridhaa ya upasuaji unaitoa wewe. Kama mzee wa nyumbani ana mashaka, njoo naye kliniki aulize mwenyewe, kuliko kuibeba hofu yake peke yako. Baada ya kupona kidonda, titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria lipo la kununua, na hata fundi cherehani anaweza kushona la pamba.

Ukiwa mjamzito, unanyonyesha au unapanga uzazi

Ujauzito hauzuii matibabu. Upasuaji unawezekana, na dripu za aina fulani hutolewa baada ya miezi 3 ya mwanzo. Mionzi na tamoksifeni husubiri hadi ujifungue. Wakati wa dripu, usinyonyeshe.

Kama unatumia sindano, vidonge au kipandikizi cha uzazi wa mpango, mwambie daktari mara moja, kwani njia zenye homoni hazifai kwa mwenye saratani ya matiti. Kitanzi cha shaba na kondomu zinafaa. Kama bado unataka watoto, sema kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hupunguza uwezo wa kushika mimba.

Kufanya kazi sokoni wakati wa matibabu

Wengi hukatisha matibabu kwa sababu ya biashara, si kwa kukosa imani. Kodi ya fremu haisubiri. Kupanga mapema kunasaidia.

- *Siku za dripu.* Siku chache za mwanzo huwa na uchovu na kichefuchefu. Tafuta mtu wa kukaa dukani siku hizo, na meza dawa za kichefuchefu kabla hakijazidi.
- *Siku ya 7 hadi ya 14.* Kwa dripu za kila siku 21, huu ndio wakati chembechembe nyeupe za damu hushuka na mwili kukosa kinga. Epuka msongamano. Kama ni lazima ufike Kariakoo, nenda mapema, vaa barakoa, nawa mikono, kula chakula cha moto kilichoiva.
- *Baada ya upasuaji wa kwapa.* Usibebe marobota wala ndoo kwa mkono wa upande huo kwa wiki kadhaa, hadi daktari akuruhusu. Fanya mazoezi ya bega uliyofundishwa wodini. Mkono huo ukilinde na kuungua, kukatwa na kuchomwa, kwa sababu unaweza kuvimba hata baada ya miaka.
- *Ramadhani.* Kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kumezwa wakati wa futari au daku. Siku za dripu ni tofauti. Mwili unahitaji maji na chakula. Zungumza na daktari na shehe wako kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu dawa za asili

Mgonjwa wa saratani hapiti mitaa ya Kariakoo bila kuelekezwa majani ya stafeli, unga wa mlonge au mchanganyiko wa chupa usio na jina. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona.

Si kwamba miti haina dawa. Paklitakseli, mojawapo ya dripu tunazotumia, ilitokana na gome la mti wa Amerika Kaskazini. Lakini ilichukua miaka mingi kujua kiini chake ni kipi, kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru. Chupa ya mtaani haina majibu hayo. Baadhi ya mitishamba huumiza ini, na ini likiumia dripu huahirishwa. Ukitumia kitu, kitaje. Muuguzi mzuri hatakugombeza. Dua na maombi havigongani na dawa yoyote. Kinachoua ni kuacha matibabu ukisubiri.

Gharama

Kabla ya kuanza, omba ueleweshwe gharama za mpango mzima, kuanzia vipimo hadi vidonge vya miaka, si za dripu ya kwanza pekee. Kama una bima, uliza ni dawa zipi inagharamia na zipi zinahitaji kibali. Kama huna uwezo, nenda kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali mapema. Mara nyingi utatakiwa kuwa na barua ya serikali ya mtaa. Usitoroke kliniki kwa aibu ya fedha. Daktari akijua uwezo wako, anaweza kukupangia dawa utakayoimudu hadi mwisho.

Ikiwa saratani imesambaa

Hatua ya 4 kwa kawaida haiponi kabisa, lakini inatibika. Lengo ni kuishi muda mrefu zaidi na kuishi vizuri. Mwenye vipokezi chanya anaweza kukaa miaka akitumia vidonge. Mionzi michache hutuliza maumivu ya mifupa. Mofini ya kunywa ikisimamiwa vizuri huondoa maumivu makali, na kuipewa hakumaanishi kwamba unakufa kesho. Huduma shufaa ni matibabu, iombe mapema.

Rudi hospitali haraka ukiona

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka, ukiwa kwenye dripu. Usisubiri asubuhi, usinunue dawa ya malaria dukani.
- Kutapika au kuharisha kwa siku nzima, au kutokwa damu.
- Kubanwa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kutokwa damu ukeni ukiwa umeshakoma hedhi na unatumia tamoksifeni.
- Maumivu makali ya mgongo, au miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu.

Dripu ikiuma au kuchoma pale ilipoingia, mwambie muuguzi hapo hapo.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

1. Saratani yangu ni ya hatua gani, na vipokezi vyangu vinasemaje?
2. Lengo la matibabu haya ni kuponya au kudhibiti?
3. Nitaanza na nini, kitafuata nini, na kwa muda gani?
4. Je, titi linaweza kubaki? Mionzi nitaipata wapi na lini?
5. Mpango wote utagharimu kiasi gani?
6. Nikipata tatizo usiku, niende wapi?

Yaandike kwenye daftari, nenda na mtu wa kukusaidia kusikiliza, na omba nakala ya kila jibu. Nakala hizo ziweke kwenye faili moja. Ukitaka maoni ya daktari wa pili ni haki yako, na ukiwa na faili hilo hutaanza vipimo upya.

Pa kuanzia

Kama una uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, au chuchu inatoa damu, anzia kituo kilicho karibu, kama Hospitali ya Mnazi Mmoja au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana. Utachunguzwa na kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Walio Kanda ya Ziwa wanaweza kwenda Bugando, Mwanza, na wa Kaskazini KCMC, Moshi. Wanaume nao hupata saratani ya matiti, ingawa kwa nadra. Mwanaume mwenye uvimbe nyuma ya chuchu afuate njia hiyo hiyo.

Kama ulishaanza matibabu ukaacha, rudi na faili lako, hata kama umepita mwaka. Utapimwa upya ijulikane ugonjwa umefika wapi, na mpango utaanzia hapo.